Reli iliyofukiwa uani kwa kiwanda: ing'olewe au ifufuliwe?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni meneja wa uzalishaji katika kiwanda cha chakula cha mifugo, Vingunguti. Nyuma ya ghala letu kuna reli ya zamani, kama mita 400 hivi, imefukiwa na udongo na sehemu nyingine imemwagiwa zege. Wazee wa hapa wanasema zamani mabehewa yalikuwa yanaingia mpaka mlangoni. Kwa mwezi tunapokea kama tani 900 za malighafi. Nusu yake ni mahindi na mashudu ya alizeti na pamba kutoka Singida na Shinyanga, na zote zinakuja kwa semi. Bosi wangu anataka reli ing'olewe iuzwe chuma chakavu, tupate pa kuegesha magari. Mimi nimesoma kwamba Marekani kuna kampuni ndogo ndogo za reli zinazohudumia viwanda vya sehemu moja tu, na zinaishi. Hapa kwetu haiwezekani? Na kama inawezekana, nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na la bosi wako maana hilo haliwezi kungoja: mwambie asimwite mtu wa mtungi wa gesi kuja kukata. Reli kuwa ndani ya ukuta wenu hakutoshi kuifanya mali yenu. Saidingi, yaani njia za pembeni zinazoingia viwandani, za viwanda vya Barabara ya Pugu, hii mnayoiita Nyerere, ziliwekwa kwa mikataba, na kila kiwanda kilikuwa na wake. Kuna waliolipia vyuma vyote kuanzia kwenye pointi, pale njia inapochepuka kutoka njia kuu, hadi kizuizi cha mwisho, na kuna waliowekewa na shirika wakawa wanalipa ada. Huo mkataba ndio unaosema chuma ni cha nani.

Shida ni kwamba karatasi zenyewe zimetembea sana. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, mambo yake ya huku yakarithiwa na TRC, shirika la reli la Tanzania. Baadaye njia zikawekwa chini ya kampuni ya RAHCO na uendeshaji wa treni ukapewa kampuni ya TRL. Kisha Sheria ya Reli ya mwaka 2017 ikaunganisha vyote viwili tena kuwa TRC. Upande wenu nao, kama kiwanda kilikuwa cha umma kikabinafsishwa, jalada la saidingi linaweza kuwa chini ya rundo la hati ambazo hakuna aliyezigusa tangu siku ya makabidhiano. Litafuteni. Mkikata kabla ya kulipata mnajisogeza karibu na kosa la kuhujumu miundombinu ya reli, na pesa ya chuma chakavu haitatosha hata kumlipa wakili.

Sasa swali lako lenyewe. Inawezekana, ila si kwa mlango unaotaka kuingilia. Karibu kila mtu anayegundua reli kwenye kiwanja chake huanza kuhesabu mataruma, yale yanayolala chini kubeba reli, na kokoto. Hivyo ni vya mwisho. Kwenye reli za viwandani nimeona njia mbovu kabisa zikifanya kazi miaka na miaka, na nimeona njia nzuri, kokoto zimepangwa kama mchele, ikiota mbaazi pori. Tofauti ilikuwa mabehewa mangapi yanaingia kwa wiki, na kila moja linakaa humo ndani muda gani.

Lakini twende uani kwanza, kwa sababu kuna kipimo cha dakika tano kinachoweza kukuokolea miezi ya kuandikiana barua na ofisi isiyohusika. Beba jembe, brashi ya waya na futi ya chuma. Fukua sehemu mbili tatu ambazo reli zote mbili zitaonekana, ziswaki, kisha pima kutoka ubavu wa ndani wa kichwa cha reli hii hadi ubavu wa ndani wa ile. Pima chini kidogo ya uso, usipime juu kabisa ambako kona ya chuma imeviringwa. Ukipata milimita 1,000 na ushee, hiyo ni ya Reli ya Kati. Ukipata 1,067, ni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Kwenye kona unaweza kusoma 1,010 au zaidi kidogo. Usishtuke, kona hutanuliwa makusudi na uchakavu unaongeza wake, ila haufiki 1,067. Kwa Vingunguti natarajia utakuta ya mita moja. Nimekwambia upime kwa sababu siku ya kwanza ukikaa na maofisa wataliuliza hilo, na mtu anayejibu kwa namba anasikilizwa tofauti na anayejibu "ni ile ya kawaida".

Dar es Salaam ina mzigo wa pekee hapa. Mji mmoja, reli tatu zisizoingiliana: Reli ya Kati ya Wajerumani iliyoanza kujengwa mwaka 1905, TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976, na SGR, ile reli mpya, ya milimita 1,435 iliyoanza kubeba abiria kwenda Morogoro mwaka 2024. Watu huniuliza, si wangeongeza tu reli ya tatu pembeni ili behewa la TAZARA lipite kwenye njia ya TRC? Tatizo ni ule udogo wa tofauti. Ni milimita 67. Kitako cha reli peke yake kina upana wa zaidi ya milimita 100, kwa hiyo reli mbili haziwezi kukaa ubavuni zikiachana nafasi hiyo, zinapandana. Ndiyo maana kule Kidatu, njia hizi mbili zinapokutana, mzigo hutolewa kwenye behewa moja ukatiwa kwenye jingine. Kati ya njia ya mita moja na SGR nafasi ya reli ya tatu ipo, milimita 435, lakini usiipigie hesabu. SGR ikiingia mjini inapita juu ya daraja refu, ina nyaya za umeme wa volti 25,000 juu yake, na hakuna mtu atakayekubali kutoboa daraja lile akuwekee pointi ya kiwanda cha chakula cha kuku. Mzigo wa SGR utaufuata kwenye yadi zake kama Pugu au bandari kavu ya Kwala. Reli yako ni ya jirani yake mkongwe.

Ukiwa bado umechuchumaa hapo, angalia tumbo la reli, ule ukuta mwembamba kati ya kichwa na kitako. Kuna maandishi yaliyotokeza: jina la kiwanda kilichoifua, uzito wake, na mwaka. Yapige picha. Uzito ukisoma 80, ni ratili 80 kwa yadi, yaani karibu kilo 40 kwa mita, na hiyo ni reli ya heshima. Ukisoma 50 na kitu, ni ya zamani zaidi na nyepesi. Mwaka usikudanganye. Saidingi haipewi reli mpya. Inarithi zilizong'olewa kwenye njia kuu, kama mdogo mtu anavyorithi viatu vya kaka yake. Nimewahi kukuta chuma kikongwe kuliko kiwanda chenyewe kwa miaka mingi.

Mataruma yako yanaweza kuwa ya chuma. Haya hayaoneshi ugonjwa juu. Yakifukiwa kwenye udongo unaotunza maji yanaliwa kuanzia chini, na ukilipiga nyundo linalia kwa sauti ya debe. Chimba mashimo manne, piga, sikiliza. La zege ni la mkandarasi na jekihama, si la kukunyima usingizi.

Haya, Marekani. Ulichosoma ni kweli. Zipo kampuni kama 600 za aina hiyo, na kwa pamoja zinashika zaidi ya robo ya urefu wa reli zote za nchi ile. Nyingi zilizaliwa baada ya mwaka 1980, sheria iliyoitwa Staggers ilipoyafungua mashirika makubwa mikono. Makubwa yakapata ruhusa ya kuachana na matawi yasiyolipa, na wenyeji wakayachukua: mtu mwenye kichwa kimoja cha treni kilichotumika, wafanyakazi sita, na namba ya simu ya kila meneja wa ghala kwenye njia yake. Genesee & Wyoming, ambayo leo ni kampuni kubwa ya kumiliki reli ndogo nyingi, ilianza mwaka 1899 jimbo la New York kwa njia ya maili 14 tu ikitoa chumvi kwenye mgodi mmoja, Retsof. Mgodi ule uliporomoka na kujaa maji mwaka 1994. Kampuni haikufa nao kwa sababu ilikuwa imeshatafuta mizigo mingine kwingine.

Sisi tunao mfano wa upande wa pili, na sijui kwa nini hatuusimulii. Reli ya Mtwara kwenda Nachingwea ilianza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya karanga za Waingereza. Karanga hazikuota kama zilivyopangwa ofisini London, mradi ukavunjika, na reli ikabaki inatafuta mzigo wa kubeba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa. Njia nzuri, bandari nzuri, mteja mmoja.

Hata hivyo ukitazama Marekani usitazame ufupi wa njia. Tazama behewa linakwenda wapi. Kampuni ndogo inachukua behewa kiwandani, inalisukuma maili 10 hadi kwenye makutano, inalikabidhi kwa shirika kubwa, na behewa hilohilo linasafiri bila kufunguliwa hadi upande wa pili wa bara. Upana wa reli ni mmoja, kiungio cha behewa ni kimoja, breki ni zilezile. Mwenye njia fupi analipwa kipande cha nauli ya safari ndefu. Ungemwambia abebe mzigo maili 10 tu na ushukie hapohapo, angefunga ofisi kesho. Kwa hiyo wewe pia, wazo la kutoa kontena bandarini kulileta Vingunguti kwa reli, kama linakunyemelea, lifukuze. Umbali ule ni wa lori. Kichwa cha treni hakijapata joto umeshafika.

Ila mzigo wako hautoki bandarini. Unatoka Shinyanga, zaidi ya kilomita 1,000 kwa reli. Hapo ndipo barua yako iliponifanya nivute kiti.

Tupige hesabu pamoja. Nusu ya tani 900 ni 450. Njia kuu kutoka Dar hadi Isaka ilikarabatiwa ibebe tani 18.5 kwa ekseli, kwa hiyo behewa la ekseli nne linaruhusiwa tani 74 jumla, na ukitoa uzito wa behewa lenyewe unabaki na 50 na zaidi kidogo. Usiipigie bajeti namba hiyo. Mabehewa mengi ni ya zamani, na mashudu ni mzigo wa majivuno: yanajaza nafasi kabla hayajajaza uzito. Weka tani 35 kwa behewa. Unapata mabehewa 13 kwa mwezi, matatu kwa wiki, badala ya semi 15 zinazokuziba lango. Wenye reli fupi wa Marekani wana kipimo chao cha mdomoni, mabehewa 100 kwa mwaka kwa kila maili ya njia. Kwa kipimo hicho wewe mwenye robo maili na mabehewa 156 kwa mwaka umepita kwa kishindo. Ndipo penye mtego. Kichwa cha treni, dereva na mtu wa pointi hawapungui gharama kwa sababu njia yako ni fupi. Kutuma kichwa kutoka yadi kuja kwako kwa ajili ya behewa moja ni gharama ileile ya kulileta kundi la manane. Mabehewa matatu kwa wiki yanatosha kuipa reli uhai. Kumwamsha dereva wa shanti, kile kichwa cha kusogeza mabehewa yadini, asubuhi kwa ajili yako peke yako, hapo bado.

Una karata moja ambayo huenda hujaiona. Bandari ya Dar inaingiza mzigo mwingi kuliko unaotoka bara kuja pwani. Mabehewa yanapanda yamejaa ngano, mbolea, mafuta na saruji, yanashuka mengi yakiwa matupu, na behewa tupu linakula dizeli na muda wa njia bila kumlipa mtu. Mashudu yako yanashuka. Yanasafiri kwenye upande wenye njaa. Unapokwenda kuomba bei, usiende kama mtu anayeomba msaada wa kufufua saidingi; nenda kama mtu mwenye mzigo wa kurudi, kila wiki, msimu na kiangazi, na uwaonyeshe stakabadhi za semi za miezi 12 iliyopita. Omba bei kwa maandishi ya kutoka Shinyanga hadi Dar. Kwa Singida nina mashaka zaidi, kwa kuwa inategemea tawi la kutoka Manyoni, na mashudu yanatoka kwenye mashine za kukamua, hayatoki stesheni. Ukilipa kibarua wa kupakia Fuso, kushusha stesheni, kupakia behewa, umeshapoteza sehemu ya faida kabla treni haijapiga honi. Anza na Shinyanga. Singida iache iendelee na semi kwa sasa.

Sasa muda wa behewa, jambo ambalo ningetaka bosi wako alisome hata kama mengine atayaruka. Enzi zangu yadi, kulikuwa na kiwanda kimoja, sitakitaja, ambacho tuliwaingizia mabehewa manne Jumatatu. Jumatano tukaenda kuyachukua. Hayajaguswa, kwa sababu ghala limejaa. Ijumaa moja lilikuwa limeshushwa nusu, forklifti imepasuka tairi. Wiki iliyofuata tukakuta mama lishe amepanga benchi zake kwenye kivuli cha behewa la mwisho na mteja wake ananing'iniza shati kwenye ngazi ya breki. Siku ya 11 ndipo tukayatoa. Meneja alikuja juu kwa bili ya demareji, yaani tozo ya kuchelewesha mabehewa, anasema reli ni wezi. Kumbe alikuwa amegeuza mabehewa manne kuwa ghala la bure, na sisi wakati huo tuna mfanyabiashara wa pamba huko bara anayelia kwa kukosa hata moja. Miezi michache baadaye akaamua kwamba malori ni rahisi. Kwake yalikuwa rahisi kweli, kwa sababu dereva wa lori akicheleweshwa anapiga kelele getini na behewa halipigi kelele.

Kwa hiyo kabla hujaandika barua yoyote, jipime. Mnaweza kushusha tani 35 za magunia kwa siku moja, mvua ikinyesha? Vibarua 12 waliozoea na mkanda mmoja wa kusafirishia wanaweza. Wanne hawawezi. Sakafu ya ghala ina kimo kimoja na sakafu ya behewa, au watu watapanda ngazi na gunia la kilo 70 kichwani? Kama wazee wanakumbuka behewa lilifika mlangoni, jukwaa la kushushia huenda bado lipo, limegeuzwa kibaraza cha ofisi. Litazame. Na nafasi ya kuhifadhi mzigo wa mabehewa manne kwa mkupuo ipo, au mmezoea semi moja leo moja kesho?

Kuna jambo linalowashangaza vijana nikiwaonyesha. Behewa la tani 55 jumla, kwenye njia tambarare, linahitaji mvuto wa kilo mia tano na kitu tu kuanza kusogea, na likishaanza linahitaji chini ya hapo. Chuma juu ya chuma hakina ubishi mwingi. Tulikuwa tunalisogeza behewa moja kwa mtaimbo, wanaume wanne, mmoja anachokoa chini ya gurudumu na watatu wanasukuma kwa mgongo. Kwa hiyo ndani ya uzio huhitaji kichwa cha treni kukusubiri. Winchi ya umeme au trekta la kawaida lenye nyororo linatosha kusogeza mabehewa mawili matatu kutoka mlango hadi mlango, na zipo trekta zenye magurudumu ya barabara na ya reli zinazofanya kazi hiyo kwa usalama zaidi. Kichwa cha TRC kinakuja, kinasukuma yaliyojaa, kinavuta matupu, kinaondoka.

Wepesi huohuo ndio hatari. Mteremko wa 1 kwa 100, ambao macho yako hayauoni, unatosha behewa lisilofungwa breki kuondoka lenyewe. Ardhi ya Vingunguti inashuka kuelekea Bonde la Msimbazi, na sijui saidingi yako inashuka kuelekea wapi. Mwite mpima aweke leveli kabla ya jambo jingine lolote. Kama inashukia njia kuu, lazima iwepo pointi ya mtego inayoliangusha behewa kwenye mchanga wenu kabla halijafika kwenye treni za watu. Hilo TRC watalidai, na LATRA, wanaosimamia usalama wa reli, watalidai pia, na wana haki. Ukiona mkandarasi anakwambia kifaa hicho ni cha kupunguzia bajeti, mpe maji ya kunywa umsindikize.

Turudi kwenye lile la kichwa cha shanti kisichotoka kwa behewa moja. Toka nje ya geti, ufuate ukuta wa reli kwa mguu, mchana wa Jumapili magari yakiwa machache. Utaona alama: geti la bati lisilofunguliwa linaloelekea njia kuu, kona ya ukuta iliyokatwa kwa mduara bila sababu, vipande viwili vya chuma vinavyotokeza kwenye lami. Kila alama hiyo ni jirani aliyewahi kuwa na saidingi. Hodi. Waulize wanapokea nini kutoka bara, au wanapeleka nini. Anayepeleka mabati Mwanza, anayepeleka sabuni Kigoma, kilomita 1,250, anayepokea mpunga wa Shinyanga. Huhitaji wengi. Wanne kama wewe ni mabehewa 12 kwa wiki, na hapo kichwa kinakuja siku mbili zilizopangwa, Jumanne na Ijumaa tuseme, kinazunguka kwa wote. Hiyo ndiyo reli fupi ya Marekani unayoiona, bila kununua kichwa wala kuanzisha kampuni. Kinachowaunganisha ni ratiba moja na barua moja yenye sahihi nne. Baadaye, mkiwa na mabehewa 40 kwa wiki, njooni tuzungumze habari ya kuwa na mwendeshaji wenu wa shanti. Sasa hivi mtu akikuuzia wazo la kununua kichwa, anauza kichwa.

Tena mji huu umeshaona njia iliyodharauliwa ikipewa kazi. Mwaka 2012 treni ya abiria wa mjini, ile watu waliyoiita ya Mwakyembe, ilianza kutoka Stesheni kwenda Ubungo Maziwa kwa kutumia njia ambayo wakazi wengi wa Mabibo na Tabata walikuwa wameshaizoea kama njia ya mbuzi. Watu walihamisha meza zao, treni ikapita. Kwenye saidingi yako nje ya ukuta nategemea utakuta vivyo hivyo: genge la nyanya, fundi baiskeli, pengine choo. Yasemwe mapema na serikali ya mtaa, kwa ustaarabu. Mtu aliyekaa miaka 20 haambiwi Jumatatu aondoke Jumanne.

Na mvua. Reli ya Kati ina kidonda cha kudumu kati ya Kilosa na Gulwe, Mto Mkondoa unapokula tuta. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliifunga njia kwa miezi. Kuku hawasubiri tuta likarabatiwe. Usihamishie reli tani zote 450. Hamisha 300, bakiza semi chache kwenye mkataba ili simu yako ipokelewe siku ukipiga kwa dharura, na kuanzia Novemba weka stoo ya wiki tatu. Gharama ya hiyo stoo iingize kwenye hesabu tangu mwanzo, maana bosi ataiona tu.

Mpangilio wangu ungekuwa huu: futi na picha wiki hii, jalada la mkataba sambamba, mpima leveli wiki ijayo, majirani Jumapili, ndipo barua kwa TRC mkiomba waje kukagua pointi ya kuungia njia kuu. Hiyo pointi ndiyo swali la pesa nyingi. Kama ilishang'olewa, na mara nyingi huwa imeng'olewa ili njia kuu isiwe na kiungo kisichotumika, kuirudisha ni gharama kubwa kuliko mita zako 400 zote, na hapo wale majirani watatu watakuwa na kazi ya pili: kuchangia. Kama bado ipo, hata ikiwa imefungwa kwa kufuli na kutu, umeokoka.

Kuhusu maegesho, mwambie bosi kwamba reli iliyozamishwa kwenye zege usawa wa sakafu haizuii gari kuegesha. Siku tano za wiki malori yake yatasimama juu yake. Siku mbili yatasogea.

Ukishaswaki tumbo la reli, niandikie namba ulizozisoma, na uniambie taruma lililia vipi.